Mtoto Aliyeishiwa Dhambi

Kaka yangu Gamaliel aliokoka mwaka ule vita vya Hitla vilipokwisha, na tangu siku hiyo hapakuwa na mtu wa kupumua pale nyumbani kwetu Buganguzi. Alimwaga lubisi yetu, mtumbwi mzima wa pombe nzuri ya ndizi, majirani wakitazama kwa uchungu. Mimi, dada yake mkubwa, akanitangazia kwamba kiko changu kinatoa moshi wa jehanamu. Nikamjibu kwamba moshi wa kuni zake mbichi unanisumbua zaidi. Naitwa Ephrasia. Niliolewa na Mkatoliki, nikabatizwa kwao, na mume wangu alipofariki nikarudi kwenye kibanja cha baba, nikajengewa kijumba nyuma ya migomba. Kwa hiyo kwa Gamaliel, Mlutheri na mwana wa uamsho, nilikuwa na makosa mawili kabla sijafungua kinywa.

Sikuwa na ugomvi na Mungu wake. Ugomvi wetu ulikuwa juu ya binti yake, Kokuhirwa.

Mtoto huyo alikuwa na miaka tisa, mwembamba, mwenye maswali mengi. Hofu ilimwanza polepole. Kwanza alikataa kwenda kisimani peke yake. Kisha shule ikamshinda. Akifika uwanjani anatapika. Baadaye hata sauti ya mlango ilitosha: mikono inatetemeka, moyo unadunda mpaka unaona gauni linacheza kifuani, pumzi inakatika. Ukimuuliza anaumwa wapi, anasema hajui.

"Shangazi, nitakufa," aliniambia. "Nahisi nakufa sasa hivi."

Mama yake, wifi yangu Kokushubila, alimpandisha lori la kahawa hadi Bukoba akaonwe na daktari. Lakini kabla hawajaondoka Gamaliel alimwagiza aseme mtoto anaumwa tumbo, maana alikuwa amesikia kwamba watu walioyumba akili husafirishwa hadi hospitali ya vichaa Dodoma na hawarudi. Wifi akasema tumbo. Daktari akatoa dawa ya tumbo, na nani atamlaumu?

Basi ikaja ile Jumatano. Waliookoka walikuwa wakikutana kwa Gamaliel kila wiki, wanakaa kwenye nyasi za sakafuni, na mwenye dhambi anasimama kuitubu mbele ya wote. Akishamaliza, wanamwimbia na kumkumbatia. Mimi nilikuwa nakaa nje ya mlango na kiko changu, nasikiliza, na sikatai, yalikuwa mambo matamu kusikiliza. Siku hiyo Kokuhirwa alikuwa ameketi karibu na mama yake, na tetemeko likamshika. Ndugu mmoja, Karugendo, akaruka juu.

"Tazameni! Roho anamshughulikia mtoto!"

Wakafurahi. Wakamzunguka. Walikuwa wameona watu wazima wengi wakitetemeka vile kabla ya kutubu, hivyo hawakuwa na shaka hata kidogo. Wakamwambia aitoe dhambi iliyomo moyoni, atakuwa huru. Mtoto aliwatazama mmoja mmoja, akasema aliiba sukari. Wakaimba mpaka paa likatikisika. Gamaliel alilia kwa furaha, na Kokuhirwa akalala vizuri siku mbili.

Siku ya tatu tetemeko likarudi. Gamaliel akasema kuna dhambi nyingine iliyojificha. Jumatano iliyofuata mtoto akatubu kwamba anamchukia mwalimu. Nyingine, kwamba alimtukana bibi kimoyomoyo. Nyingine tena, kwamba alitamani gauni la jirani. Nilimwona akizunguka migombani mchana kutwa, kucha mdomoni, anatafuta dhambi ya kupeleka. Alikuwa ameishiwa, mtoto wa watu. Nilimwambia kaka yangu hivyo hivyo, naye akaniambia nisimfungie mtoto mlango wa mbinguni.

Ndipo akamtoa Byarugaba.

Byarugaba alikuwa mdogo wake, mtoto mchanga aliyekufa kwa homa masika yaliyopita. Kokuhirwa alisimama katikati ya watu, meno yanagongana, akasema: "Nilimuua mimi. Mama aliniambia nimfukuzie nzi, nikasinzia." Kisha Karugendo akaanzisha wimbo, na wote wakaitikia, na wifi yangu akaanguka pale pale kwenye nyasi. Gamaliel alisimama tu. Hakuimba, ila hakusema neno.

Nilitamani kuwafukuza wote kwa ufagio. Na bado hawakutosheka: Karugendo akasema ushuhuda mkubwa namna ile lazima usikike Bukoba, kwenye mkutano mkuu wa mwisho wa mwezi. Mtoto asimame mbele ya mamia ya watu aseme aliua. Gamaliel akaitikia kwa kichwa.

Siku aliyokwenda Bukoba kuandaa mkutano huo, nilimfuata wifi jikoni. "Nampeleka Rubya kwa masista," nikamwambia. "Ukitaka kunizuia, nizuie sasa."

"Nenda naye, waitu, wifi yangu," akasema. "Na safari hii usiseme tumbo."

Sikusema tumbo. Pale hospitali ya Rubya nilimkuta sista mmoja wa Kizungu, mzee, Kihaya chake kinakwaruza lakini kinaeleweka. Nilimweleza yote. Akamketisha Kokuhirwa karibu naye, hakumshika, hakumkazia macho.

"Ulimfanya nini mdogo wako?"

"Nilisinzia."

"Halafu?"

"Halafu jioni akafa. Nilikuwa sijui kama nimemuua. Niliposema wakaimba, nikajua ni kweli."

Mawe, mama yangu! Nilitoka nje nikalia ukutani. Niliporudi, sista alikuwa amemfundisha kuweka kiganja tumboni na kuvuta pumzi taratibu, na mtoto alikuwa anajaribu kwa bidii yote.

"Mama, huyu anaumwa hofu," sista akaniambia. "Ni ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa. Nitampa dawa kidogo ya kumlaza. Lakini kila mnapomtubisha mnamzidishia. Alilolisema mbele ya watu, baba yake alikanushe mbele ya watu wale wale. Kisha mleteni kila wiki. Itachukua muda mrefu."

"Na baba akikataa?"

"Basi mimi sitaweza sana," akasema.

Gamaliel aliporudi akaona chupa ya dawa. "Umempeleka kwa mapadri," akaniambia. "Ulikuwa unaingoja siku hii." Nilifungua kinywa kumpasha, lakini wifi alinitangulia. Mwanamke yule sijawahi kumsikia akipaza sauti, na siku ile pia hakupaza.

"Byarugaba alifia mikononi mwako," akamwambia mumewe. "Wewe ndiye uliyembeba na homa yake. Walipoimba kwamba mwanangu ameuawa na mwanangu, kwa nini ulinyamaza?"

Gamaliel akatoka, akaenda kukaa migombani kwenye kaburi la mtoto, na hakuingia kula. Nilimwonea huruma, ingawa sikutaka.

Jumatano watu walijaa. Gamaliel akasimama kabla ya wote. Alikuwa na uso wa mgonjwa. "Ndugu zangu, binti yangu hakuua mtu," akasema. "Byarugaba alikufa kwa homa, nikiwa nimempakata. Nilijua, na nikaacha mtoto ajishtaki kwa sababu niliona fahari. Hatakwenda Bukoba. Hatatubu tena hapa."

Nilimpenda kaka yangu wakati ule kuliko siku zote. Nikageuka kumtazama Kokuhirwa, nikitegemea kuona mzigo umeshuka. Lakini Karugendo alikuwa ameshainua mikono, na wote wakaanza kumwimbia Gamaliel, wimbo ule ule, kwa furaha ile ile, maana ndugu ametubu. Mtoto akawa mweupe midomo. Akanishika mkono, kucha zikaingia.

"Shangazi," akasema, "baba amesema uongo kwa ajili yangu. Sasa ataungua yeye?"

Gamaliel alikuwa amesikia. Alipita katikati ya waimbaji, akamnyanyua binti yake, akatoka naye nje, na watu wakaendelea kuimba bila yeye.

Asubuhi yake tulishika njia ya Rubya, Gamaliel akiwa amembeba mtoto mgongoni mbele ya macho ya Walutheri wote wa Buganguzi. Wengine walimsalimu, wengine waligeuka. Kokuhirwa alitetemeka njia nzima, na kila baada ya hatua chache alimuuliza baba yake kama ataungua, na kila mara baba alimjibu kwamba hapana, na kila mara mtoto hakumwamini. Hata mimi nilichoka kusikia.

Tulipoanza kupanda mlima, swali likabadilika.

"Baba, wewe unaogopa?"

Gamaliel akasimama. Nilidhani atamwombea.

"Naogopa sana, mwanangu," akasema. "Tangu Byarugaba afe, naogopa kila siku."

Mtoto akalaza kichwa begani kwa baba yake, bado anatetemeka, na hakumuuliza tena mpaka tukafika.