Makarani wa Kichuguuni

Inatangazwa kwa wananchi wote, wenye viatu na wasio navyo, kwamba Ofisi ya Posho ya Wajane, Kakamega, imekua. Imekua kwa watu. Posho haijatoka.

Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru, msimu wa njaa na unga wa manjano wa msaada. Kila alasiri mvua ilipokatika, tarishi Sifuna alifunika kichuguu nyuma ya ofisi kwa blanketi la wajane, akapiga vijiti chini taratibu, kama watu wa kwao wanavyoita kumbikumbi. Wakatoka makarani. Walikuwa wamevaa tai shingoni. Walipukuta mabawa mlangoni, wakauliza chai iko wapi. Msimamizi, Bwana Bramwel, aliwaonyesha viti. Viti vilipokwisha, waliketi juu ya magunia ya unga, na gunia lenye karani halitolewi.

Khalayi, mjane wa Malinya, alikuwa ameandikiwa gunia moja. Nyumbani wajukuu wake walikuwa wanashindia ndizi mbichi. Kila alipokuja, karani mpya alianza upya.

"Mama, mume wako amekufa kweli?"

"Shimo la dhahabu lilimfunika. Mlitaka aje kusema mwenyewe?"

"Angekuja ingesaidia."

Khalayi akaanza kuwashuku. Kwao, mgeni hapewi chakula kabla hajaulizwa ukoo wa mamake.

"Kijana, mama yako ni wa ukoo gani?"

"Swali hilo ni la dirisha la pili."

Dirisha la pili lilikuwa limekwenda kunywa chai. Khalayi akazunguka ofisi nzima akiuliza. Kila mmoja akamwonyesha dirisha la pili. Akamfuata Bwana Bramwel.

"Bwana mkubwa, hawa watu wako hawana mama."

"Najua. Ndiyo maana hawaombangi ruhusa ya matanga."

Khalayi akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya chumvi. Kisha akageukia gunia la karibu na mlango, ambako kijana mmoja alikuwa ameketi akiandika mambo haya yote.

"Na wewe unayetuandika? Mama yako ni wa wapi?"

Nilimjibu kwamba nimesoma shule ya bweni.

"Sikukuuliza shule, mwanangu."

Basi nakiri. Nilitoka kichuguuni Jumanne, baada ya mvua. Gunia nililokalia lilikuwa lake, na sote wawili tulijua.

Nilimwambia arudi kesho.