Unao?

Magoti yangu yaliamka kabla yangu, yakilalamika. Mke wangu alikuwa anajifunga kitambaa kichwani.

"Kampuni wanataka jibu leo," akasema. "Ukurugenzi uleule, gari lilelile. Baba watoto, utajikomoa mpaka lini?"

Nikamwambia tutaongea mchana, nikaenda zangu ghalani. Kazi ile ya ofisini niliiacha mwenyewe, baada ya miaka ya mikutano iliyozaa mikutano mingine. Ghala lilikuwa la muda tu, nipumzishe kichwa. Kichwa kimepumzika, mgongo ndio umeingia matatani.

Ghalani naitwa Mheshimiwa, na sijaheshimiwa hata siku moja. Mwenzangu wa kubeba ni Kimya, mtu wa makamo mwenye mabega mapana, bahili wa maneno. Friji na makabati hubebwa na watu wawili, mmoja akitembea kinyumenyume. Huyo akitaka kubadilisha mkono huuliza, "Unao?" Haachii mzigo mpaka mwenzake ajibu, "Ninao."

Ofisini nilijibu hivyo kutwa kucha. Ripoti? Ninayo. Malalamiko ya wateja? Ninayo. Suala la bajeti? Ninalo. Maana yake ilikuwa: niondokee, nina shughuli.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunateremsha friji kwenye lori. Kimya alishuka kinyumenyume, mimi niko juu, mawazo yangu yote kwenye gari la kampuni.

"Unao?"

"Ninao," nikasema, mdomo ukiitangulia mikono.

Akaachia mkono mmoja. Friji likateleza, likamshukia mguuni.

Alikaa juu ya boksi, akavua kiatu. Kidole gumba kilikuwa kimeanza kuvimba. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Msimamizi akaja juu.

"Kimya, chagua mwenzako mwingine. Huyu mwache arudi kwenye viti vyake vya kuzunguka."

Sijawahi kuomba cheo kwa moyo kama nilivyoomba pale nisiachwe. Nilijishangaa mwenyewe. Miaka yote ile maneno yangu hayakushika kitu. Hapa neno moja tu lilikuwa limeshika mguu wa mtu, nami nikaliachia.

Kimya alinitazama mikono, hakunitazama usoni. Akachukua bendeji, akajifunga kidole taratibu.

"Nabeba na huyu," akasema. "Ila sasa yeye ndiye atashuka kinyumenyume."

Simu yangu ikaita. Mke wangu.

"Wamenipigia mimi, eti wewe hupokei. Niwaambie nini? Na mbona sauti imechoka hivyo?"

"Nimechoka kweli, mke wangu." Kimya alikuwa anachechemea kurudi kwenye lori, hageuki nyuma kuangalia kama namfuata. "Waambie watafute mwingine. Mimi kuna mtu ananingoja."