Ukuta Uliopandisha Bima

Bima ya mabanda ya maseremala ilipopanda mara mbili, waliovimba kwa hasira ni wale wale waliomwambia Randa apoe alipomzika mkewe. Apoe. Mke ameungua bandani akiokoa vitanda vya wateja, na gari la zimamoto limekwama mwanzoni mwa uchochoro, pale diwani alipousogeza ukuta wa nyumba yake ukameza nusu ya njia. Randa, waliyempa jina hilo kwa mkono wake wa kulainisha mbao, alipiga hodi ofisi zote. Wakubwa walimkalisha, wakamsikiliza kwa macho ya usingizi, wakamsukuma ofisi ya pili. Nani kati yao angemgusa mwenzao?

Sasa kampuni ya bima ilimtuma binti wa mahesabu awaeleze. Alisimama katikati ya vumbi la mbao na viatu vyake vya ofisini, akasema bei haitoki hewani. Wanapima mambo mawili: moto unaweza kuzuka mara ngapi, na ukizuka utakula kiasi gani. Kwa la kwanza, mabanda haya hayana tofauti na ya wengine. La pili ndilo lililowaponza, maana gari haliingii, na cheche moja inaweza kuondoka na mstari mzima. Njia ikipanuka, bei nayo itashuka.

Minong'ono ikaanza. Mpiga vanishi, shemeji yake diwani, mtu aliyewaka kama amekula pilipili kila Randa alipoutaja ukuta ule, sasa akasema kumbe ukuta ni balaa. Randa nusura amrushie nyundo.

"Na mke wangu, mwanangu," akamuuliza binti, "yumo wapi kwenye hizo hesabu?"

Binti aliinamisha kichwa. "Hayumo, baba. Mlikatia bima mabanda na mbao. Watu hawahesabiwi humo."

Angalau huyo hakumzungusha.

Jioni hiyo hiyo hakuna aliyengoja kibali. Walibeba nyundo na mitaimbo, Randa akiwa mbele. Diwani alitoka na fulana ya ndani, akatishia kuita polisi. Fundi wa meza akamwambia awaite na zimamoto, tuone kama watapita.

Ukuta ulilegea upesi. Mchanga wake ulikuwa umenusishwa saruji tu. Walipopima njia, mpiga vanishi akajifuta jasho, akasema gari litapita sasa, watu warudi makwao. Wakaanza kuchekeana na kugongana viganja, kila mtu akitaja atakachofanyia pesa itakayobaki.

Randa alikuwa bado anapiga.

"Kaka, imetosha," mpiga vanishi akasema.

"Kwa bima yenu imetosha."

Akaendelea, tofali baada ya tofali, mpaka akalifikia geti la diwani, na hapakuwa na mtu wa kumshika mkono.