Kiti cha Dirishani katika Nchi ya Kinyemi

Katika nchi ya Kinyemi, ambako kipya huenziwa hata kikiwa kidonda, palikuwa na ada moja iliyoshikwa kuliko sheria: chombo kikipendwa na watu, kiliandikwa jina la Sultani; kikichukiwa, kiliandikwa jina la fundi wake. Fundi huyo hakupigwa wala hakufukuzwa, kwa kuwa Wakinyemi ni watu wa adabu. Alipewa kiti karibu na dirisha la karakana, akanyang'anywa kazi, na salamu zikakoma.

Kitini hapo aliketi Ustadhi Kuukuu. Ujana wake wote aliutumia kubuni vichezeo kwa vifaa ambavyo wenziwe walikwisha kuvitupa, akishika kauli kwamba ya kale ni dhahabu. Kimojawapo, cha kuenea kiganjani, chenye kioo cha kijivu na vitufe viwili, kilipendwa nchi nzima. Nacho, kwa ada ile, kikaitwa Furaha ya Sultani. Baadaye alianza kuunda sanduku la mwanga mwekundu, ambamo mtu akiingiza uso huona umbali usio na ukomo. Sultani Pupa akalichukua mezani halijakamilika, akaliuza siku ya sikukuu, na watu wakaumwa vichwa. Likaandikwa "Kuukuu" kwa herufi kubwa.

Mvumilivu hula mbivu, wamesema wahenga. Pupa alikula mbichi, akamtapikia mwenziwe.

Miaka ikapita dirishani. Kuukuu alizoea kuzungumza na kikombe chake cha chai. Upweke ulimuuma, na ulimuuma zaidi adhuhuri, wenziwe walipokula wakicheka nyuma ya mgongo wake. Hatimaye akaliomba baraza la Kadhi Ghururi limrejeshee meza yake ya kazi.

"Nani atamshuhudia kuwa ni fundi mwema?" Kadhi akauliza.

Baraza likanyamaza, na katika kimya kile zikasikika sauti ndogo, ti, ti, ti, chini ya majoho. Wazee wa baraza walikuwa wakicheza Furaha ya Sultani. Kadhi naye alikuwa na chake mkononi.

"Hicho nimekitengeneza mimi, Mheshimiwa Kadhi," Kuukuu akasema.

"Kina jina la Sultani, ustadhi. Wataka tumwite mwongo?" Kadhi akalainisha sauti. "Apa tu kwamba si chako, na kesho utaketi mezani pako."

Kuukuu akaitazama mikono yake. Aliitamani meza ile kuliko chakula.

"Lile sanduku nalikubali, na aibu yake ni yangu," akasema. "Lakini hicho siwezi kukikana. Nimezeeka bila mke wala mtoto kwa ajili yake. Nikikikana, nitarudi mezani nikiwa nani?"

Akainama kwa heshima, akatoka peke yake. Kadhi alitaka kumwita arudi, maana moyo ulimsuta kwelikweli. Lakini mchezo ulikuwa umefika pazuri.