Seli za Kadzo

Hasina alikuwa mtu wa Kipini, mwepesi wa kucheka na mgumu wa kuamini. Katika maabara ndogo ya utafiti mjini Garsen alichunguza seli T saidizi, zile zinazoongoza kinga ya mwili, kwenye damu ya watu wenye kichocho.

Damu ya Kadzo, mkulima wa Tarasaa, ndiyo iliyomkosesha raha. Mara ya kwanza seli zake nyingi zilikuwa za aina ya Th17, zinazoita seli nyingine mahali penye uvimbe. Miezi mitatu baadaye zilitoa intaferoni, kemikali ya kinga, ambayo ni kazi ya seli za aina nyingine kabisa. Hasina hakujiuliza mara mbili. Akasema hii si damu ya mtu mmoja.

Sababu alikuwa nayo. Kwa akina Kadzo kadi ya kliniki ni ya nyumba nzima: mwenyewe akiwa shambani anaamia ndege, ndugu mwenye nafasi huenda badala yake, na hakuna anayeona ubaya. Wagonjwa wawili walikuwa wameshanaswa hivyo. Hasina akaenda Tarasaa, akamuuliza Kadzo mbele ya wakwe zake kama alimtuma mdogo wake, Mapenzi. Kadzo akajibu kwamba alikuja mwenyewe mara zote mbili. Hasina akamfuta kwenye orodha ya utafiti papo hapo, na wakwe wakatazama chini.

Wiki mbili baadaye, kwa ukaidi tu, alitoa kwenye friza akiba ya damu ya mara ya kwanza, akazitenga seli za Th17 na kuziamsha kwenye sahani ya maabara. Siku ya sita zilikuwa zinatoa intaferoni. Zilikuwa zile zile, zimebadili kazi baada ya kuamshwa, na Mapenzi hakuingia kwenye sahani. Hasina aliona aibu, aibu ya kweli.

Sasa alihitaji damu ya tatu. Bila hiyo, matokeo ya Kadzo yasingehesabiwa. Akarudi Tarasaa, akamkuta anapepeta mpunga, akaomba radhi na kumweleza yote.

“Kwa hiyo damu imesema ni mimi,” akasema Kadzo.

“Ndiyo, mama.”

“Mimi nilisema kwanza, mwanangu.” Akauweka ungo chini. “Wakwe zangu wako nyuma ya nyumba. Nenda ukawaambie wao, halafu uje na sindano.”

Hasina akaliacha begi mlangoni, akazunguka nyuma ya nyumba.