Kumhamisha Mzee Waleed

Mvua za masika ziliangusha ukuta wa makaburi ya Timbwani upande wa baharini, na kaburi la Mzee Waleed likabaki karibu na ukingo wa jabali. Mwanawe Badi, mwalimu wa jiografia huko Likoni, alikwenda kutazama, kisha akapitia kwa dada yake mkubwa, Mwanaima, viatu vimejaa matope.

"Shikamoo, dada. Itabidi tumhamishe baba."

"Marahaba. Tumhamishe? Pale alipachagua mwenyewe."

"Alipachagua maji yakiwa mbali. Hukumbuki shamba la minazi lililokuwa mbele yake, na ile njia yetu ya kwendea chuoni kusoma Kurani? Vyote vimeliwa na bahari."

Mwanaima alikumbuka, lakini hakukubali. Kumfukua maiti kulimtia hofu. Badi hakumshurutisha. Ila darasani, kila alipochora ramani ya Likoni ubaoni, mkono wake ulisita alipofika pwani. Mstari uliochapishwa kitabuni ulipita mahali ambapo sasa samaki wanaogelea.

Ijumaa moja Mwanaima akasema, "Nipeleke nikaone."

Walipofika, alisimama akihesabu makaburi kwa macho, akatafuta la jirani yao wa zamani.

"Bi Kafedha yu wapi?"

Badi alielekeza kidole majini.

Mwanaima alijifunika uso kwa buibui lake. Baadaye aliinua mikono akamsomea Bi Kafedha Fatiha papo hapo, kwa sauti, mawimbi yakipiga chini yao. Alipomaliza alisema, "Kamuulize sheikh."

Sheikh alisema inajuzu, maana dharura ipo. Mwanaima alishona sanda mpya, akaifukiza udi na kuinyunyizia marashi. Wanaume walichimba baada ya swala ya alfajiri. Ilikuwa mifupa michache, myepesi, na Badi aliipokea kwa mikono yake mwenyewe. Walimzika upya Mtongwe, bara kidogo, kwenye udongo mwekundu.

Jioni Mwanaima alikuja kuzuru.

"Huku hata upepo wa bahari haufiki," alisema. "Sijapazoea."

"Hata mimi, dada."

Alijipangusa machozi, akainuka. "Kesho walete wanao. Wajue babu yao yuko wapi. Halafu wapeleke na kule Timbwani, uwaonyeshe alikokuwa, maadamu pangali paonekana."

"Inshallah," alisema Badi.