Msomaji wa Tairi

Twaha alisimama mbele ya televisheni, akasoma kama mtu anayetangaza mwandamo wa mwezi.

"Ya juu, tairi ngumu. Ya katikati, ya wastani. Ya chini, laini. Nimemaliza."

Alikuwa amesoma kinyume, kwa makusudi. Ya juu ndiyo iliyokuwa laini, yenye kushika sana na kuisha upesi.

Katika kibanda cha gemu cha Mwishehe, pale Kiwalani, dhambi hiyo ilikuwa haijapata kutendwa. Magemu yote yalikuwa ya Kiingereza, na desturi ilikuwa kwamba anayesoma bweni, akirudi likizo, huwasomea wenzake, hata wapinzani wake. Mtu angeweza kukuvuta shati ukikaribia kona, au kukupigia chafya sikioni. Kukusomea uongo, hapana.

Lakini likizo tatu mfululizo, msomaji na bingwa walikuwa mtu mmoja. Likizo hii, Juni ya tisini na tisa, Twaha alirudi akakuta ubingwa umechukuliwa na Cyprian, mtoto wa mziba pancha wa Barabara ya Pugu, ambaye sekondari aliiona kwa nje tu.

Kushindwa Twaha angekumeza. Shuleni alikuwa amemeza maharage yenye wadudu kwa miaka mitatu. Kilichomkwama kooni ni namna Cyprian alivyozungumzia tairi, kama anayezungumzia shangazi zake: huyu mvumilivu, yule ana haraka, yule usimpeleke kwenye mawe. Watoto walimsikiliza midomo wazi. Hata Najma, dada wa Twaha wa tumbo moja, aliyeuza barafu mlangoni, alimwita Cyprian "fundi". Kaka yake alikuwa "wewe" tu.

Na leo Mwishehe alikuwa ameleta diski mpya ya mbio za rali. Katika ile ya zamani kila aina ya tairi ilikuwa na rangi yake. Katika hii yalikuwa maneno matupu.

"Vipande vitatu vya njia ya mawe, hakuna kubadili tairi katikati," alisema Mwishehe. "Mwenye muda mfupi ndiye anayetuwakilisha kwenye mashindano ya Tegeta Jumamosi. Cyprian, anza."

Cyprian akabonyeza ya juu.

Kona ya kwanza gari liling'ang'ania ardhi. Akakunja uso. "Mbona imeshika mno kwa tairi ngumu?" alisema taratibu. Alimtazama Twaha mara moja tu, jinsi mziba pancha anavyotazama mpira uliozamishwa kwenye beseni la maji, akingoja mapovu. Kisha akarudi kwenye kioo.

Tangu hapo aliendesha kama aliyebeba mgonjwa. Aliachia mafuta kabla ya mawe, akazunguka kona kwa upana, akaacha kuteleza kwa mbwembwe. Kufika kipande cha tatu alama ya kuchakaa kwa tairi ilikuwa nyekundu, na gari linaserereka kama ng'ombe kwenye sakafu ya sabuni. Akafika.

Ikaja zamu ya Twaha. Akachagua ngumu, akakanyaga mafuta mwanzo hadi mwisho, na akamshinda mwenye tairi vipara kwa sekunde mbili. Mbili tu.

Aliweka pedi ya kuchezea chini kwa heshima zote za ushindi, kisha akageuka kupokea pongezi. Watu walikuwa bado wamemzunguka Cyprian.

"Fundi, mbona ulikuwa unapunguza?" Najma aliuliza.

"Nilichagua vibaya," alisema Cyprian. "Hii diski sijaizoea."

Hapo wivu ukamshika Twaha upya, mkali kuliko wa kwanza. Alikuwa ametenda uovu mmoja wa maana maishani mwake, wa kusimuliwa bwenini hadi taa zizimwe, na huo nao Cyprian alikuwa ameuchukua kwa kujitwika kosa.

"Hakuchagua vibaya," alisema. "Mie ndiye niliyesoma kinyume."

"Ada yote ile," alisema Najma, "na Kiingereza kinasomwa miguu juu."

"Kwa bahati mbaya?" aliuliza Mwishehe.

"Hapana, braza."

Mwishehe hakugomba. Aliinama, akafuta mbio zile, akachagua njia nyingine, ya matope. Ikatokea orodha mpya, majina manne ya tairi ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. "Mnarudia. Cyprian anaanza."

Cyprian akachukua pedi. "Soma," alisema, bila kumtazama.

Twaha alisoma yote manne, polepole, kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake. "Ya matope ni ya tatu."

Cyprian akashuka hadi ya tatu. Kidole gumba kikatua juu ya kitufe, kikabaki pale bila kubonyeza.